Leseni Iliyotoka Nikiwa Edani

Jumatatu, 29 Machi 1993

Waridi amenipa daftari lake la jiografia. Aliandika kurasa tatu, mwalimu akahamishwa, basi limebaki tupu. "Andika, mama," ameniambia, "usiwe wazungumza na kuta." Ana miaka kumi na mitano na mdomo wa miaka hamsini, lakini hakukosea. Jana nimemgombeza mjusi dakika kumi nzima.

Leo ni siku ya kumi na saba tangu Mwidani, mume wangu, afariki. Aliswali Alfajiri, akaenda bandani kukama ng'ombe, akakaa juu ya kigoda chake na hakuinuka tena. Sasa nimekaa eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, nguo nyeupe, hapana hina, hapana wanja, hapana udi, wala sionekani na mwanamume yeyote ambaye angeweza kunioa. Timbwani yote yapita nje ya dirisha langu na mimi niko nyuma ya pazia nasikiza tu. Idi yenyewe ilinipita hivyo hivyo, harufu ya pilau ya watu ikinijia puani.

Ng'ombe ni watano, na ni wangu mimi. Mama yao alikuwa zawadi ya marehemu baba yangu. Mwidani alikuwa akiwatania watu, "Ng'ombe wa mke wangu, mimi mchungaji." Lakini leseni ya kuuza maziwa ilikuwa kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akivuka feri kwenda maofisini. Maziwa tunayouza katika kiduka cha kupanga njia ya feri ndiyo yaliyotujengea nyumba hii na ndiyo yanayomsomesha Waridi. Hatuna kingine.

Jumanne, 6 Aprili

Mwinyihaji amekuja asubuhi, kama kawaida bila hodi. Huyu hahitaji hodi. Mamake alifariki siku ya kumzaa, na mamangu, aliyekuwa na mimi mikononi, akamchukua akamnyonyesha pamoja nami miaka miwili. Mimi titi la kushoto, yeye la kulia, na mama akisema wa kulia ndiye aliyekuwa akiuma. Basi kwa dini ni ndugu yangu haswa, hanioi wala sijifichi kwake. Sina ndugu mwingine wa kiume. Katika wanaume wa Likoni nzima, ni yeye peke yake anayeweza kuvua viatu akaingia chumbani mwangu akakaa mkekani.

Ameleta habari za baraza la chifu. Sheria imebadilika. Kuanzia tarehe mosi Julai hakuna ruhusa ya kuuza maziwa bila leseni mpya, na leseni mpya haitoki mpaka banda likaguliwe: sakafu ya simiti, mfereji wa kutolea maji machafu, wavu madirishani. Na leseni ya marehemu, amesema, imekufa na marehemu.

"Usitie wasiwasi, Rehema," ameniambia. "Wewe kaa eda yako. Mimi miguu ninayo, hata maziwa nitayapeleka dukani kabla ya kazi."

Nimelia kidogo alipoondoka. Si kwa huzuni. Ni raha ya kuwa na mtu.

Jumamosi, 10 Aprili

Joto. Mvua imekuwa ya kutishia tu. Nimechambua mchele mara mbili na haukuwa na jiwe hata moja.

Alhamisi, 15 Aprili

Nimempa Mwinyihaji vikuku vyangu vya dhahabu vya harusi akaviuze anunue simiti. Edani dhahabu haivaliwi, na hata nikitoka, nitamvalia nani? Waridi amenuna. "Si ungemngoja Bi Kadzo akuulizie bei kwanza?" Nimemwambia asiwe na macho ya kuhesabu watu.

Bi Kadzo ndiye mwenye mkahawa hapo njia ya feri. Maziwa yetu mengi huenda kwake, naye hutuletea machicha ya nazi, magunia mazima, ng'ombe wakala wakashiba. Yeye na mimi hatujawahi kuandikiana chochote.

Jumapili, 18 Aprili

Mvua!

Jumanne, 27 Aprili

Masika yameshika kweli kweli. Simiti imekauka kwa taabu, imefunikwa kwa magunia. Musyoka aliisugua leo mara tatu, nimemsikia.

Musyoka ndiye mkamaji wetu, Mkamba wa Machakos, mwaka wa sita huu. Sijawahi kusema naye uso kwa uso tangu eda. Husimama nje ya dirisha la jikoni, mimi ndani nyuma ya pazia, akaniambia nani kakamwa na nani kagoma. Huanza kila mara, "Mama, mimi nauliza," hata akiwa haulizi kitu. Mwinyihaji hampendi. Asema mtu anayeangalia chini akisalimiwa ana jambo.

Sheria imebadilika tena. Sasa mwombaji leseni lazima aende ofisini mwenyewe, ng'ambo, na kitambulisho chake na picha mbili. Nikasema basi nitoke siku moja, mchana, nijifunike gubigubi, nirudi. Mwinyihaji akashika kichwa.

"Umo edani, mwanamke! Watu watasema nini?"

"Kamuulize Maalim Ishaka wa msikitini basi. Akisema haifai, nitatulia."

Alasiri amerudi. "Nimemuuliza. Kasema haifai abadan. Mwenye eda hatoki, leseni au si leseni."

Kauli ya Maalim Ishaka mimi siijadili.

Jumatatu, 3 Mei

Shule zimefunguliwa. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumanne, 11 Mei

Mwinyihaji amekuja saa nne na karatasi. Ya Kizungu, mistari mingi. Mimi Kiswahili nasoma hata cha gazeti, Kiarabu cha msahafu nasoma, lakini Kizungu Waridi ndiye hunisomea, na Waridi yuko shule. Nikamwambia tumngoje arudi saa kumi. Akasema ofisi yafungwa saa saba, na leo ndiyo mwisho wa kupokea.

Akakaa mkekani akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikitembea mstari kwa mstari: "Mimi, Mwanarehema, mjane wa marehemu Mwidani, namtuma ndugu yangu Mwinyihaji aniwakilishe ofisini katika shughuli ya leseni yangu, mpaka eda yangu iishe."

Maneno mazuri, yamepangika. Nikatia sahihi pale aliponionyesha. Akabusu kipaji cha uso wangu akasema, "Mama angekuwa hai angefurahi kutuona hivi."

Nimeandika haya nikiwa na moyo mweupe. Lakini sasa, nikikaa peke yangu, najiuliza kitu cha kipuuzi: Mwinyihaji ni karani wa ghala. Makarani wa ghala huwa kazini saa nne ya Jumanne. Labda ameomba ruhusa kwa ajili yangu. Sijui nitamlipa nini.

Alhamisi, 20 Mei

Leo wamekuja kukagua.

Nilijua kwa sauti ya pikipiki. Banda limeungana na ukuta wa chumba changu, na pale juu, chini ya dari, pana tundu la hewa. Nikapanda juu ya sanduku. Sikuona kitu ila migongo ya ng'ombe, lakini nilisikia kila neno. Afisa wa mifugo anaitwa Bwana Erastus, mtu wa bara, sauti ya upole. Akagonga sakafu kwa kiatu. Akamwagisha maji akatazama yanakokwenda. Akasema, "Banda safi. Katika haya niliyoyaona Likoni, hili ndilo la kwanza kunifurahisha." Nilikaribia kuanguka kwenye sanduku kwa furaha. Banda langu! Vikuku vyangu vile, vimelala pale chini vimegeuka sakafu!

Kisha akauliza, "Mwenyewe ni nani?"

Na Mwinyihaji akajibu, "Ndiye mimi."

Nikangoja aendelee. Aseme, ndiye mimi ninayemwakilisha. Hakuendelea. Wakahamia kwenye mfereji.

Nilishuka sandukuni nikacheka. Nikajiambia, ataanza vipi kumweleza mtu wa bara mambo ya eda na kunyonya? Amefupisha. Mtu ana haraka, pikipiki yangoja, mvua yaja. Ningekuwa mimi ningefupisha vile vile.

Ningeweza kukohoa tu. Lakini sauti ya mwenye eda kumfikia mwanamume mgeni, haikunijia vyema.

Jumapili, 23 Mei

Mvua mchana kutwa. Zaituni, ng'ombe wangu mkubwa, anakohoa.

Jumanne, 1 Juni

Idi ya Kuchinja. Bi Kadzo ameniletea mguu wa mbuzi na porojo la saa mbili. Ameniuliza, "Huyo nduguyo bado yuko kazini?" Nikasema yuko, kwa nini? "Basi tu. Namuona mkahawani kwangu asubuhi, anakunywa chai moja mpaka inatengeneza utando." Nikamkata. Watu hawana kazi ila kuangalia vikombe vya wenzao.

Jumatano, 9 Juni

Maziwa yamepungua. Bi Kadzo analalamika ni mepesi, chai haishiki rangi. Mwinyihaji amesema ni Musyoka anatia maji anauza mengine njiani. "Mfukuze, mimi nitaleta mkamaji wangu."

Nimemwita Musyoka dirishani nikamsema. Nilisema sana. Mwizi, nimemwambia, umekula kwangu miaka sita. Kisha akasema, "Mama, mimi nauliza. Maziwa nikimaliza kukama, nani huyabeba mpaka dukani?"

Nikamwambia asinijibu kwa maswali. Akasema sawa. Nikasikia viatu vyake vikiondoka kwenye matope.

Sikumfukuza. Sijui ni kitu gani kilichonishika. Pengine ni kule kukosa kwake kupandisha sauti.

Alhamisi, 24 Juni

Sheria imebadilika mara ya tatu, lo! Sasa kila mtaa utakuwa na leseni moja tu ya maziwa. Mwenye leseni ndiye atakayeuza, na wengine wenye ng'ombe watampelekea yeye.

"Na Timbwani?" nimeuliza.

"Yetu imetoka!" amesema Mwinyihaji, akapiga mapaja. "Sisi ndio tuliopata!"

Nimesujudu pale pale. Nilipoinuka nikamwomba niione. Akasema ameiacha dukani, imetundikwa ukutani, sheria yataka ionekane na wateja. Kweli, hata ya Mwidani ilitundikwa. Nimemwambia Mwenyezi Mungu amlipe kila la kheri, na amwekee watoto wake. Nimesema haya yote kwa kinywa changu.

Alhamisi, 1 Julai

Siku ya kwanza ya sheria mpya. Mvua imekata. Nasikia kuna mstari wa watu dukani kuanzia feri.

Jumatatu, 5 Julai

Musyoka, dirishani, saa kumi: "Mama, mimi nauliza. Yule bwana ameniambia mwezi huu mshahara nitachukua kwake. Na amesema nikitaka kazi niache kuongea na dirisha. Sasa mimi ni mtu wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Wewe ni mtu wangu, na ng'ombe ni wangu, na yeye ni mjumbe wangu."

Akasogea dirishani. "Kwa ile karatasi ya ukuta hakuna jina ya mama. Mimi nilisoma."

Jumanne, 6 Julai

Sikulala. Alfajiri nilimwamsha Waridi nikamwambia asiende shule moja kwa moja. Apite dukani kana kwamba anunua maziwa, anakili kila neno la ile karatasi, hata namba. Nilimpa daftari hili hili. Alirudi mbio, sare yake imelowa jasho, akakaa sakafuni akanisomea.

Jina la mwenye leseni: Mwinyihaji, na jina la babake. Picha yake. Mahali: banda la Timbwani, na namba ya kiwanja chetu. Ng'ombe: watano, mali ya mwenye leseni. Chini kabisa pameandikwa kwamba leseni hii haihamishwi kwa mtu mwingine.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Kisha akaongeza kitu kwa sauti ndogo: pembeni ya leseni pamebanwa karatasi nyingine, na chini yake kuna sahihi yangu.

"Yasemaje?"

"Mama..."

"Yasemaje, Waridi?"

"Yasema umemkodisha banda kwa mwaka mzima, alifanyie biashara yake mwenyewe. Yasema umelipwa ukaridhika."

Basi nikamuona. Nikamuona pale mkekani, kidole chake kikitembea mstari kwa mstari juu ya maneno ya Kizungu, na kinywa chake kikinisomea maneno mengine kabisa, matamu, aliyoyatunga njiani akija. "Mpaka eda yangu iishe." Alinibusu kipaji! Kipaji hiki! Nilichukua leso nikakisugua mpaka kikauma.

Nimekaa nikihesabu siku zake alizokuja. Zote asubuhi. Zote Waridi akiwa shule, tangu shule zifunguliwe. Na mimi nilikuwa namwekea mahamri, namchagulia yaliyovimba.

Ningeweza kukohoa siku ile ya ukaguzi. Nilikuwa nyuma ya ukuta, hatua tatu. Bwana Erastus aliuliza mwenyewe ni nani, na mwenyewe alikuwa amesimama juu ya sanduku akicheka.

Kinachoniuma zaidi si leseni. Mwizi wa njiani angeniibia ningepiga kelele. Huyu nilimfungulia kwa sababu mama yangu alimpa ziwa lake. Hakuvunja mlango wowote.

Jumatano, 7 Julai

Bi Kadzo amekuja na nimemweleza yote. Alitukana kwa Kidigo, kisha kwa Kiswahili ili nami nifaidi. Kisha akauliza, "Kwani wewe ulikatazwa na nani kwenda ofisini?"

"Maalim Ishaka."

"Maalim Ishaka yule wa msikiti wa chini? Hebu ngoja."

Akajitanda akatoka. Hakukawia. Aliporudi alikaa kitako bila kuvua buibui.

"Sikiza. Maalim anakupa salamu na pole. Asema mwenye eda hutoka mchana kwa haja yake, haja isiyo na mtu wa kumtimizia kwa uaminifu, ilimradi usiku alale kwake. Asema mjane riziki yake ni haja. Na asema hajamuona Mwinyihaji tangu siku ya maziko ya mumeo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini polepole.

Basi hata hilo. Dini yangu nayo aliifanya komeo, akanifungia ndani, akatia ufunguo mfukoni. Na mimi miezi yote hii nikimshukuru Mungu kwa kunipa mtu wa kunilinda eda yangu.

Tena amesema Bi Kadzo, na leo sikumkata: Mwinyihaji aliachishwa kazi ya ghala tangu Januari. Walipunguza watu. Kila asubuhi huvaa shati la kazi akatoka, ili mkewe asijue.

Alhamisi, 8 Julai

Nimetoka. Mchana, nimejifunika, Waridi mkono wa kulia na Bi Kadzo wa kushoto. Jua liliniuma macho. Nimevuka feri nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa, nikikaa ningelia.

Bwana Erastus ni mdogo kuliko sauti yake. Alisimama alipoona nguo nyeupe chini ya buibui. Nilimweleza. Alifungua jalada akatafuta, akatoa fomu ile, akaigeuza nione.

"Mama, hapa kuna mstari wa mjane," akasema. "Jina la mwombaji linabaki lako, mwakilishi anaandikwa chini. Wajane wengi wameutumia mwaka huu, hata wa huko Mtopanga. Huyu bwana aliukata kwa wino. Nilimuuliza kwa nini, akasema hapa hakuna mjane, ng'ombe ni wake."

Hakuna mjane. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nimevaa nyeupe toka kichwa mpaka mguu.

Nikauliza kama yaweza kubadilishwa. Akasema kwa sahihi ile yangu, atafutwe wakili, mahakamani, na kesi huchukua muda wake. Mpaka hapo Timbwani ina leseni moja na imeshatoka. Alisema kwa huzuni, sina la kumlaumu.

"Na ng'ombe?" nikauliza. "Sahihi yangu imewakodisha ng'ombe?"

Akasoma karatasi ile mara mbili. "Hapana. Banda tu."

"Na banda bila ng'ombe?"

Akanitazama. "Banda bila ng'ombe, mama, ni sakafu."

Jumamosi, 10 Julai

Amekuja. Bila hodi. Waridi nilimweka kando yangu makusudi.

Hakukana. Afadhali angekana. Alikaa mkekani pale pale pake akasema, "Rehema, mimi ningefanyaje? Ningekaa mkahawani mpaka lini? Na wewe bado kijana, eda itakwisha utaolewa, maziwa yataingia mkononi mwa mume mgeni. Nimeyaweka katika nyumba ya mama. Kila mwezi nitakupa kitu chako."

Kitu changu! Kutoka ng'ombe wangu!

"Ungeniomba," nikamwambia. "Ungekuja ukaniambia, Rehema, sina kazi. Ningekupa nusu. Wallahi ningekupa nusu na ningejiona ndiye niliyefaidika. Kwa nini hukuniomba?"

Akatazama chini. Yeye, aliyemsema Musyoka kwa kutazama chini.

"Nilikuwa na haya," akasema.

"Haya ya kuomba ulikuwa nayo. Ya kuiba je?"

Akainuka, akasema nikitulia tutazungumza kama ndugu. Nimeona amechukua andazi moja akitoka, mkono wenyewe umezoea.

Jumanne, 13 Julai

Nimeuza ng'ombe wanne kwa bwana mmoja wa Mtopanga, mwenye leseni yake kule Kisauni. Bi Kadzo ndiye aliyepatana naye. Lori limekuja mchana, watu wanatazama. Mwinyihaji alikuja mbio kutoka dukani akasimama mbele ya lori, akipiga kelele kwamba ng'ombe hawa wameandikwa katika leseni yake. Dereva akamwomba aonyeshe cheti cha kununulia. Hana. Alinitazama dirishani, ingawa pazia lilikuwa limefungwa, kisha akapisha njia.

Nilimsikia ng'ombe wangu Bibi Arusi akilia mpaka lori lilipopinda. Ndiye aliyekuwa akilamba mkono wa Mwidani.

Musyoka anakwenda nao. Yule bwana alimtaka, na mimi sina la kumkamisha. Alikuja dirishani mara ya mwisho. "Mama, mimi nauliza..." akasema, kisha hakuuliza. Nikamwambia anisamehe kwa lile neno la mwizi. Maji yalikuwa yakitiwa njiani, na mbebaji alikuwa ndugu yangu. Akasema alijua, alikuwa akingoja mama ajue. Nimempitishia viatu vya mpira vya Mwidani chini ya pazia. Miaka sita, na nilichokiona leo ni mkono wake tu, una kovu la pembe.

Nimebaki na Zaituni, yu kiwanjani kwa Bi Kadzo. Sheria imekataza kuuza, haikukataza kupeana. Mimi nampa Bi Kadzo maziwa, yeye hunipa machicha na unga. Hautamsomesha Waridi huo. Pesa za wanne ndizo zitakazomsomesha, zikiisha sijui.

Jumapili, 18 Julai

Eda imekwisha. Nimekoga, nimeswali, Bi Kadzo amenifukiza udi mpaka nikapiga chafya. Nilikwenda bandani. Sakafu inang'aa, haina hata unyasi. Nilivua kiatu nikaikanyaga, baridi. Nilisimama pale nikamlilia Mwidani vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, bila kitu kingine kuingia kati.

Jumanne, 20 Julai

Duka limefungwa siku ya saba leo. Wenye ng'ombe wengine wa mtaa hawampelekei, wamesikia. Leseni bado iko ukutani, naambiwa.

Saa nne nilikuwa nimekaa mkekani natia wanja, nikasikia viatu vinavuliwa nje. Zamani mlango ungefunguka wenyewe. Leo nilikuwa nimetia komeo.

Akasukuma. Akasukuma tena. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake nyumbani kwangu, akapiga hodi.

"Nani?" nikauliza.

"Ndiye mimi."

Leseni, Bwana Erastus aliniambia, hufutwa. Kunyonya hakufutwi, hakuna ofisi ya kwenda. Huyu atakuwa ndugu yangu mpaka wanizike, na yeye ndiye mwenye haki ya kuniteremsha kaburini. Nilijua hayo yote. Hata hivyo nikachukua buibui yangu msumarini, nikaivaa, nikashusha kitambaa mpaka machoni, kama ninavyofanya akipita mwanamume nisiyemjua. Waridi, ambaye leo hakwenda shule kwa mafua, alinitazama, hajawahi kuniona nikijifunika kwa mjomba wake.

"Nenda mlangoni," nikamwambia. "Mwambie mama haonani na wanaume wageni."

Akaenda, akamwambia.